Lubumbashi–Kinshasa: tiketi inasema saa moja na robo, safari inakula siku mbili

Wiki hii sitazungumza juu ya bei ya shaba wala juu ya mishahara. Nitazungumza juu ya ndege. Mutaniuliza: delege wa sendika ya mine anatafuta nini mu mambo ya ndege? Mungojee kidogo. Kuna mwenzetu mmoja alipoteza makuta na karibu apoteze kazi, juu ya kusoma tiketi vibaya. Na mwenye kumusomea vibaya ile tiketi ni mimi.

Jumatatu ku bulo ya delegasio

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ingali inanyesha. Mwenzetu anaendesha benne kubwa mu kompani moja ya mine karibu na Likasi. Jumatatu asubuhi alikuja ku bulo yetu, macho mekundu. Baba yake alikufa usiku ule kule Kinshasa.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inamupa mutumishi siku 4 za kazi akifiwa na baba, mama, mtoto ao bibi. Tunaita hiyo « congé de circonstance ». Shefu wake alitia sahihi pashipo maneno: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi saa 6h00 asubuhi anapashwa kuwa ku kazi.

Alinionyesha tiketi ku telefone. Kuenda: kutoka Lubumbashi 14h00, kufika Kinshasa 15h15. Akaniuliza:

« Yaya delege, hizi siku ine zitanitosha? Ao niombe siku mbili za konji yangu ya mwaka juu yake? »

Mimi nikaangalia ile 14h00, nikaangalia ile 15h15. Nikamujibu:

« Muloko wangu, ni saa moja na robo tu. Jumanne saa kumi na saba uko ku kilio. Ijumaa unarudia. Usiharibu konji yako. »

Mimi nilisoma mpaka diploma ya Leta. Nilipanda ndege mara tatu mu maisha yangu. Na nilimupa mtu mwenye kilio shauri la bongo.

Saa mbili mu inchi moja

Kosa ya kwanza iko hapa, na watu wengi wanaifanya. Inchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa na upande wa magharibi wanafuata saa moja. Katanga, Kasai, Kivu na upande wa mashariki tunafuata ingine. Sisi tuko mbele yao kwa saa 1 nzima. Ikiwa Lubumbashi ni 12h00, Kinshasa ni 11h00.

Sasa, tiketi ya ndege inaandika kila saa kufuata mahali penyewe. Saa ya kutoka ni ya mji unaoacha, saa ya kufika ni ya mji unaoingia. Kwa hiyo 14h00 ya Lubumbashi na 15h15 ya Kinshasa haziwezi kuondolewa moja ndani ya ingine kama hesabu ya sokoni. Ile 15h15 ya Kinshasa, kwetu ni 16h15. Safari yenyewe ni masaa 2 na dakika 15.

Ku kurudi inageuka. Tiketi yake iliandika: kutoka Kinshasa 10h00, kufika Lubumbashi 13h15. Mtu asiyejua anawaza ndege ya kurudi iko polepole, masaa 3 na robo! Hapana. Ni ndege ileile, njia ileile.

Kuna namna nyepesi ya kujua muda wa kweli, hata kama haujui mambo ya masaa ya dunia. Chukua ule muda unaoonekana wa kuenda, 1h15. Uongeze ule unaoonekana wa kurudi, 3h15. Inafanya 4h30. Gawanya kwa mbili: 2h15. Ile saa moja uliyoibiwa kuenda na kupewa kurudi inajiondoa yenyewe. Hiyo hesabu inafaa kwa miji yote miwili ya dunia, ikiwa ndege inakwenda moja kwa moja pande zote mbili.

Na kwa nini saa 1? Jua linapita digri 15 za longitidi kila saa, maana yake dakika 4 kwa digri moja. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna digri 12 hivi. Mara 4, inafanya dakika 48. Kwa hiyo jua lenyewe linatutofautisha dakika 48. Leta ikaiweka saa 1 nzima ili hesabu iwe nyepesi.

Kilometa ngapi kweli?

Nilipoona shida iliyotokea (nitaieleza kisha), nilikwenda kumuona topografe wetu wa kariyeri, kijana mwenye akili sana. Nikamuuliza: « Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni kilometa ngapi? » Akacheka. « Kwa gari ao kwa ndege? »

Kwa gari, kufuata barabara ya taifa namba 1, unapita Likasi, unakwenda mpaka Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, kisha Kinshasa. Ni zaidi ya kilometa 2000, na mvua ikinyesha kuna mahali ambapo lori linalala mu matope siku kwa siku. Hakuna mtumishi atakwenda kuzika baba yake kwa njia hiyo na siku 4 mu mfuko.

Kwa ndege, alichukua kipande cha karatasi. Uwanja wa Luano uko digri 11,6 kusini ya ekweta na digri 27,5 mashariki. Uwanja wa N'djili uko digri 4,4 kusini na digri 15,4 mashariki. Kutoka kusini kuenda kaskazini: tofauti ya digri 7,2. Digri moja ni kilometa 111, kwa hiyo karibu 800. Kutoka mashariki kuenda magharibi: digri 12,1. Kwetu karibu na ekweta digri hiyo inapungua kidogo tu, tuhesabu kilometa 110: inafanya 1330 hivi. Kisha Pythagore, ile tuliyosoma wote mu sekondere: 800 mara 800, uongeze 1330 mara 1330, utafute mzizi. Alipata 1552.

Ile ni hesabu ya karatasi iliyolala. Dunia ni mviringo, na wenye ndege wanahesabu kwa mstari wa mviringo, ule mfupi kuliko yote juu ya mpira. Lakini kwa umbali huu tofauti ni ndogo. Tuweke kilometa 1550. Wao wenyewe wanasema kwa maili ya bahari: maili moja ni mita 1852, kwa hiyo karibu maili 840.

Kilometa 1550 ni nyingi namna gani? Kutoka Bruxelles mpaka Roma, kwa mstari wa ndege, ni karibu 1170. Kwa hiyo mtu anayetoka Lubumbashi kuenda mji mkuu wake mwenyewe anapita umbali mkubwa kuliko Mbelgiji anayekwenda kumuona Papa.

Na tuangalie majirani. Kutoka Luano mpaka Lusaka ni karibu kilometa 430. Mpaka Dar es Salaam, karibu 1380. Mpaka Nairobi, 1540 hivi. Mpaka Johannesburg, 1620. Mumeona? Dar es Salaam, mji wa inchi ingine, ku bahari ya Hindi, iko karibu nasi kuliko Kinshasa. Njo maana shaba yetu inapakiwa mu malori kwa Kasumbalesa na kushuka kwa Dar ao kwa Durban, pashipo kuona Kinshasa hata siku moja. Lakini karatasi, sahihi, wizara, na mara nyingi familia, viko kule.

Wazee walikwenda namna gani

Tusilie sana, wazee waliona zaidi. Reli iliingia Elisabethville mwaka 1910, lakini ilitoka kusini, kwa Waingereza wa Rhodesia. Mpaka mwaka 1928 ndipo reli ya BCK ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, ku mto Kasai. Pale unashuka treni, unapanda masua mpaka Léopoldville. Kipande cha reli kati ya Ilebo na Kinshasa hakikujengwa mpaka leo, tunakaribia miaka 100.

Mwaka 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry alitoka Bruxelles kwa ndege na kufika Léopoldville kisha siku 51. Leo kutoka Bruxelles ni safari ya ndege isiyopita siku moja. Mambo yamebadilika kweli. Lakini kwa mtumishi wa mine, kilometa zilebaki zilezile, na ndege ndiyo njia moja tu inayomufikisha mbele ya mazishi.

Ndege inapitisha muda gani juu

Ndege ya reakta inakimbia karibu kilometa 800 mu saa moja ikiwa juu. 1550 gawanya kwa 800: karibu saa 1 na dakika 56. Lakini haianzi na mbio hiyo. Inatembea polepole ku pisti, inapanda, kisha inashuka, inazunguka kungojea ruhusa. Ile yote inaongeza dakika 20 ao zaidi. Na muda ulioandikwa ku tiketi unahesabiwa tangu ndege inatoka mahali iliposimama mpaka inasimama tena, si tangu inaruka mpaka inagusa chini.

Ikiwa ni ndege ndogo ya helisi, inayokimbia kilometa 500 mu saa, hesabu ni ingine: masaa 3 na zaidi.

Ikiwa ndege inapita Mbuji-Mayi, njia yenyewe haiongezeki sana. Lubumbashi–Mbuji-Mayi ni karibu 750, Mbuji-Mayi–Kinshasa karibu 920. Jumla 1670, kilometa 120 tu zaidi. Lakini kushuka, kutosha watu, kuingiza wengine, kutia mafuta, kupanda tena: utaongeza saa 1 ao zaidi. Kwa hiyo usiulize tu « ni kilometa ngapi? » Uliza « inasimama wapi? »

Na mu majira ya mvua, mawingu makubwa ya katikati ya inchi yanapanda juu sana. Rubani hapiti ndani, anazunguka. Hakuna mtu atamulaumu kwa dakika zile.

Mlango mpaka mlango

Sasa turudie ku mwenzetu. Aliporudi tulikaa naye, tukaandika kila kitu, yote kwa saa ya Lubumbashi ili hesabu isipotee.

Jumanne alitoka kampu ya Likasi 8h00. Luano alifika 10h30. Ndege ya 14h00 ilitoka 16h00. Kwa hiyo masaa 5 na nusu ya kungojea, pamoja na kununua Go-Pass na kusimama ku mustari. Ilishuka N'djili 18h20. Saa moja ya kungojea mizigo na kutoka. Kisha bulvari Lumumba, magari yamefungana, mpaka Kintambo kwa familia: masaa 2 na dakika 40. Alifika 22h00. Watu wa kilio wengine walikwisha kulala. Masaa 14 tangu kampu.

Jumatano alikimbia ku morgi na ku karatasi. Alhamisi wakazika.

Ijumaa alitoka Kintambo 6h00 ya kwetu, 5h00 ya kwao. Ndege iliyoandikwa 10h00 ya Kinshasa ilitoka 16h00 ya Kinshasa. Ilishuka Luano 19h20. Alipotoka inje ilikuwa 20h00, hakuna gari ya Likasi tena. Alilala kwa ndugu mu komini ya Kenya. Jumamosi 6h00 alikuwa ku parki, gari ilijaa 7h00, alifika kampu 9h30. Timu yake ilikwisha kuanza tangu 6h00.

Mujumlishe: masaa 14 kuenda, masaa 27 na nusu kurudi. Jumla masaa 41 na nusu. Ndani yake, ndege ilikuwa ku mwendo masaa 4 na dakika 40. Maana yake, kwa kila masaa 9 ya safari, saa 1 tu hivi ni ya ndege. Yale mengine ni barabara, mustari na kungojea.

Na kitu kimoja aliniambia kwa sauti ndogo: « Yaya, sikukaa na mama. Tulitoka ku makaburi Alhamisi jioni, Ijumaa nilimuacha angali amelala chini ku mukeka. »

Mbele ya shefu

Jumatatu alipewa « demande d'explication ». Kompani iliandika: absent Jumamosi pashipo ruhusa. Walitaka kumutia mise à pied ya siku 3 bila mshahara. Na prime ya wale wasiokosa kazi mu mwezi ilikwisha kukatwa.

Tuliingia mu mkutano, wadelege wawili na mwenzetu. Shefu alitoa kopi ya tiketi, akatia kidole pale 14h00 na 15h15.

« Bwana delege, safari ya saa moja na robo! Kuenda na kurudi ni masaa mawili na nusu. Na nilimupa siku ine. Mnataka nini tena? »

Ndugu wasomaji, niliona haya. Alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe ya Jumatatu ile ingine. Nikasema ukweli mbele ya wote: « Shefu, hata mimi nilisoma hivyo, na nilikosea. Njo juu yangu huyu hakuomba siku za konji. » Kisha nikaweka mezani karatasi ya topografe na ile hesabu ya masaa 41 na nusu. Tukawaonyesha tiketi ya kurudi, 10h00 na 13h15. Nikamuuliza shefu: « Ikiwa kuenda ni saa moja na robo, kwa nini kurudi ni masaa matatu na robo? »

Alinyamaza. Akaita mtu wa bulo ya safari. Yule akathibitisha: kuna tofauti ya saa.

Tulipata nini? Mise à pied iliondolewa, ikabaki blâme ya maandishi mu dosiye. Prime haikurudishwa. Siku ya Jumamosi ilikatwa. Si ushindi, musinipigie makofi. Sisi wadelege tulichanga kidogo kumusaidia, na mimi nilitoa zaidi ya wengine, kwani deni ilikuwa yangu.

Tunaomba nini

Sheria inatoa siku 4 kwa mtu aliyefiwa nyuma ya nyumba yake, na siku 4 zilezile kwa mtu aliyefiwa kilometa 1550 mbali. Wa kwanza anakaa na familia siku zote ine. Wa pili, siku mbili zinabaki barabarani na mu viwanja vya ndege. Mu mine zetu kuna watu wa Kinshasa, wa Goma, wa Kisangani, wa Mbandaka. Mtu wa Goma anayefanya kazi Kinshasa iko na shida ileile: kati ya ile miji miwili ni karibu kilometa 1560, karibu sawa na sisi.

Kwa hiyo delegasio yetu imeandika ombi moja kwa mazungumzo ya « convention collective » inayokuja. Tunaomba « délai de route »: kilio kikiwa mbali zaidi ya kilometa 300 na mahali pa kazi, siku 1 ya kuenda na siku 1 ya kurudi, inje ya zile siku 4. Na umbali uhesabiwe tangu kampu, si tangu uwanja wa ndege. Mpaka leo kompani haijajibu. Delegasio zingine zinaweza kuandika ombi kama hilo, tuko tayari kuwapa maandishi yetu.

Mu kungojea, mashauri machache kwa watumishi wenzangu:

Usihesabu muda wa safari kwa tiketi ya kuenda peke yake. Ongeza kuenda na kurudi, gawanya kwa mbili.

Uliza kama ndege inasimama njiani, na ni ya namna gani.

Telefone yako inaweza kujibadilisha saa ukifika Kinshasa. Ukiongea na shefu wako, sema « saa ya Lubumbashi » ao « saa ya Kinshasa », usiseme saa tu.

Usichukue ndege ya kurudi siku ya mwisho ya ruhusa yako. Ikibidi, omba mbele siku moja ao mbili za konji ya mwaka, kwa maandishi, na ubakie na kopi.

Ndege ikichelewa, ombea karatasi pale pale ku kampuni ya ndege, yenye saa na muhuri. Chunga kibali cha kupanda ndege, usikitupe. Mwenzetu alikitupa ku Luano, na ndani ya mkutano tulikuwa na neno lake tu.

Na ukija ku bulo ya delegasio kuuliza, utakuta karatasi imebandikwa ku ukuta: Luano–N'djili, kilometa 1550, masaa 2 na robo ya ndege, siku 1 nzima ya safari kila upande. Niliiandika kwa mkono wangu.